Likizo ya Tarumbeta

Ndimu ikikutana na jivu hutoa harufu kali inayochoma pua, na wengi wenu bila shaka mnaijua kutokana na masufuria. Mimi naijua kutokana na tarumbeta. Jumapili iliyopita jirani yangu alikaa mlangoni kwake akisugua sinia ya shaba, na upepo mkavu wa mwezi wa saba ukaniletea harufu hiyo hadi chumbani. Nikabaki nimeketi kitandani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, mpaka kengele ya misa ikanyamaza.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Katuba, kitongoji cha mji, katika lupango, yaani ua, lenye nyumba mbili na mparachichi mmoja. Baba alikuwa dereva wa lori la Patron Kambale, mfanyabiashara mwenyeji wa Butembo, mtu wa sala ndefu na maghala marefu zaidi. Kazi ya Baba ilikuwa kwenda Pweto, kule ziwani, kupakia samaki wakavu na kuwaleta mjini. Kiangazi barabara ilimrudisha upesi kidogo. Mvua ikianza, lori lilizama matopeni, naye akalala chini yake siku nyingi, na sisi nyumbani tukaishi kwa habari tulizoletewa na madereva wengine. Siku ya kurudi, harufu ya samaki ilitangulia kuingia kabla hata mlango wa lupango haujafunguliwa. Alikula, akalala, akala tena, Jumapili akaenda kupiga tarumbeta na fanfari, bendi ya parokia, na Jumatatu akaondoka. Mama alipenda kusema kwamba yeye aliolewa na mgeni mwenye adabu.

Tarumbeta ilikuwa ya babu, aliyetoka upande wa Mitwaba kuja kufanya kazi ya reli. Baba aliirithi pamoja na desturi ya kuisugua kwa ndimu na jivu kila Jumamosi aliyokuwa nyumbani, na katika fanfari yeye ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza. Nyimbo alijifunza kwa masikio. Noti alifundishwa na Mwalimu Anaclet, mzee mwembamba wa shule ya muziki mjini, aliyempokea kila mara lori lilipokuwa gereji. Mwalimu huyo alikuwa karibu kustaafu, na alitamani Baba achukue nafasi yake. Shule haikukataa, ila ilitaka kwanza apate diploma ya upigaji, kwa mtihani mbele ya jopo, kama kila mtu.

Baba, ambaye hakuwahi kuomba likizo tangu aanze kazi, akaenda kuomba mwezi mmoja wa kujitayarisha. Patron Kambale alifikiri, akasali, akakubali. Lakini alitoa sharti lililo wazi: likizo ile ilikuwa ya mtihani. Pasipo mtihani, hakuna likizo, na samaki wa Pweto hawajui kungoja.

Mimi nilikuwa darasa la tano, na katika mambo yote hayo nilielewa jambo moja tu. Baba akipata diploma, atalala nyumbani kila siku. Nililisema shuleni, nikalisema kisimani, nikalisema kwa Mungu, ambaye nilimweleza pia kwamba sisi hatukuhitaji samaki wengi hivyo.

Katika safari ya mwisho kabla ya likizo, gurudumu la mbele liliingia shimoni na usukani ukampiga Baba mdomoni. Alirudi amejifunga kitambaa kama madereva wajifungavyo kwa ajili ya vumbi, kwa hiyo hatukushangaa. Mama alipokishusha akaona mdomo umevimba, na meno mawili ya mbele, ya juu, hayapo. Alikwenda kuchemsha maji ya chumvi, na mimi nilimwona jinsi alivyosimama mbele ya jiko la mbabula akiyatazama makaa, ingawa maji yalikuwa yameshachemka zamani.

Kesho yake Baba alikwenda kwa Mwalimu Anaclet, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema tu kwamba ataanza mazoezi mara uvimbe ukipungua. Daktari wa meno akamtengenezea meno mawili ya bandia, meupe kuliko wenzao, na Baba akacheka mbele ya kioo akisema sasa anafanana na mtu aliyesoma.

Jirani wa nyumba ya pili alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo mazoezi hayakuweza kufanyika lupangoni. Kila alasiri nilipotoka shule tulitembea, Baba na mimi, mpaka nyuma ya nyumba za mwisho, kule ambako nyasi zilikuwa zimechomwa na vichuguu vyekundu vilisimama virefu kuliko paa letu. Baridi ya kiangazi ilianza mapema, na ardhi nyeusi ilitoa harufu ya moshi uliolala. Baba alichagua kichuguu cha kukinga upepo, akasimama wima kama kanisani, akainua tarumbeta.

Siku ya kwanza yalitoka meno. Hayakutoka kwa nguvu, yaliteleza tu wakati Baba alipovuta pumzi ya pili, yakaanguka katika majivu. Aliniomba kwa ishara nisiondoe mguu. Tulipiga magoti wote wawili tukipapasa, na mimi nilipoyapata, meusi kama makaa, Baba alicheka kwa lile pengo lake mpaka akakaa chini. Nami nikacheka. Lakini alipoyasafisha na kuyarudisha na kupuliza tena, kicheko kiliniisha. Nilikuwa nimezoea sauti ya Baba, ile iliyofanya akina mama wa parokia wanyamaze katikati ya maneno. Sasa ilitoka sauti ya mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Akapuliza tena, mbuzi yuleyule.

Sikujua nitazame wapi. Nilitazama kichuguu.

Baba aliona. Aliniita mama, maana nilipewa jina la mama yake, na akaniambia polepole, “Mama, mudomo yangu imerudia ku masomo ya kwanza. Tuanze sawa batoto.”

Tukaanza sawa na watoto, kweli. Sauti moja, ndefu, ya chini, mpaka pumzi iishe. Meno mapya yalimuuma, na damu kidogo ilionekana kwenye midomo, kwa hiyo alipaswa kupumzika kila mara. Katika mapumziko hayo alinipa mimi tarumbeta. Alinionyesha jinsi ya kubana midomo, jinsi ya kuweka hewa tumboni na si mashavuni, na jinsi ya kuingoja sauti bila kuilazimisha. Mara ya kwanza ilitoka pumzi tupu. Baada ya siku kadhaa ikatoka sauti, kubwa, iliyonitetemesha pua, na Baba akavua kofia yake akanisalimu nayo kama mtu anayekutana na mke wa gavana.

Kuna alasiri ambazo mbuzi wangu alikuwa mzuri kuliko wake. Hilo lilimfurahisha kuliko lilivyonifurahisha mimi. Tulirudi jua likiwa limeanguka juu ya vilima vya machimbo, tumepakwa majivu mpaka magotini, tukibishana kuhusu noti, na Mama alikuwa ametuwekea bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo ikiwa bado moto. Baba alikula nasi. Aliosha mikono yake katika beseni letu, aliniuliza hesabu za shule akakosea, alisinzia kitini kabla ya mwisho wa sala. Asubuhi niliamka na kumkuta yupo. Asubuhi iliyofuata, yupo tena.

Wiki moja kabla ya mtihani Patron Kambale alikuja kututembelea, na furushi la samaki kama zawadi. Baba alimpokea akiwa amejifunga kitambaa mpaka puani, akasema ana mafua. Mgeni alikunywa munkoyo wa mahindi, akasifu usafi wa lupango, kisha akaomba asikie kidogo hiyo kazi iliyokuwa ikimkosesha dereva wake. Mama akatazama chini. Baba akajibu kwa utulivu kwamba siku hizi za mwisho midomo yake yapaswa kupumzika, ila binti yake atapiga, naye ni mwanafunzi wake wa mwezi huu mmoja. Nikapiga wimbo mfupi wa kanisa, noti chache. Patron Kambale alipiga makofi. Alisema kwamba ikiwa mwanafunzi yuko hivi, mwalimu wake jopo halitamweza. Alipoondoka, Mama aliingia ndani na kufunga mlango, na nikasikia akicheka kwenye mto. Mimi nilifikiri anacheka kwa furaha ya kunisikia.

Siku ya mtihani Baba alivaa suti yake ya harusi. Ukumbi wa shule ya muziki ulikuwa na sakafu ya mbao iliyonuka nta, na mbele, nyuma ya meza ndefu, walikaa watahini watatu, wa katikati akiwa mama mnene mwenye miwani. Kabla ya Baba alipiga filimbi kijana mmoja aliyeonekana kama hajawahi kukosea jambo lolote maishani. Mwalimu Anaclet alikaa nyuma kabisa, mikono kati ya magoti.

Baba alipiga zoezi la kwanza vizuri. Lilikuwa la sauti za chini, zile tulizozifanya kichuguuni, na nilizitambua moja moja kama watu wa mtaa. Kipande cha pili kilipanda juu. Pale juu, katika noti iliyopaswa kukaa, sauti ilipasuka. Baba alishusha tarumbeta, akafuta midomo, akairudia. Ikapasuka tena. Hakukunja uso. Aliimalizia sehemu iliyobaki kwa sauti ya chini zaidi, si kama ilivyoandikwa, akaingia katika kipande cha tatu, akakipiga chote mpaka mwisho, na mbuzi wetu akatokea mahali pawili au patatu. Nilitamani kuweka mikono masikioni mwa watu wote ukumbini.

Yule mama mwenye miwani alivua miwani yake. Hakusema kwa ubaya. “Papa, na hii mudomo, juu ya nini haukungojea mwaka ingine?”

“Niliaidi bantu, mama,” akajibu Baba.

Majina ya waliofaulu yalisomwa kabla ya jioni, na la kwake halikuwamo. Nililia njia nzima kutoka mjini hadi Katuba, si kwa ajili ya muziki, bali kwa sababu ya lori. Baba alinibeba mgongoni ingawa nilikuwa nimeshakuwa mkubwa wa kubebwa, na tarumbeta ikanigonga paja kila hatua. Kilichonichukiza zaidi ni kwamba alikuwa akiimba kwa pua. Niliona kwamba hajali. Niliona kwamba mimi nilitaka akae nyumbani kuliko alivyotaka yeye. Jumatatu alipoondoka kwenda Pweto, nilijifanya nimelala.

Mwaka uliofuata shule ilipata mwalimu mwingine, na Baba hakuurudia mtihani. Katika fanfari aliacha kuongoza, akaomba aketi sauti ya tatu pamoja na vijana. Tarumbeta ya babu ikawa yangu zaidi kuliko yake, na ndiyo iliyonipeleka mimi katika ukumbi uleule, nikiwa msichana mkubwa, kutafuta diploma hiyohiyo. Mwalimu Anaclet, aliyekuwa mzee sana, alikubali kunisikiliza nyumbani kwake wakati wa matayarisho. Alasiri moja nilikata tamaa kwa sababu ya noti za juu, nikamwambia kwamba nitashindwa kama Baba, ambaye angalau alikuwa na tumaini mpaka siku ya mwisho.

Mzee alinitazama kwa mshangao. “Baba yako? Nilimuambia siku ya kwanza kabisa: mudomo ya meno mupya inaomba mwaka muzima. Akaniambia, najua, Mwalimu, ila usiambie muntu.”

Nilitembea kurudi nyumbani bila kupanda gari. Akilini nilimwona mtu aliyejua kwamba atashindwa, na aliyejua mahali na siku, akitoka kila alasiri na binti yake kwenda kupuliza sauti ya mbuzi mbele ya vichuguu. Angeweza kumwambia Patron ukweli na kurudi barabarani. Angeweza pia kula likizo na asitokee ukumbini. Hakufanya hilo wala lile. Alilipia mwezi ule kwa kusimama na suti yake ya harusi mbele ya watu watatu na kupasuka, kwa sababu alisema atasimama. Mimi, niliyempima kwa machozi yangu, sikuona kwamba tayari alikuwa amekaa nyumbani. Nilikuwa nangoja aanze.

Mtihani nilifaulu, kwa shida. Baba alikuja, akapiga makofi kabla ya wakati, akanyamazishwa.

Siku hizi hana tena lori. Hukaa katika lupango lilelile na Mama, ambaye hulalamika kwamba sasa mgeni amekataa kuondoka. Mwaka jana nilikwenda kula nao, na katikati ya chakula nikapata ujasiri wa kumuuliza kama haijawahi kumuuma, ile diploma. Alitafuna kwanza, upande mmoja, kama kawaida yake.

“Mwezi moya muzima nililala mu nyumba yangu,” alisema. “Unazani Patron angenipatia ile mwezi juu ya kintu gani ingine?”

Kisha akaniomba nimsogezee chumvi.