Kanzidata Iliyomfuta Shangazi

Jumatatu moja, mtafiti mwenye makala ishirini na sita aliamka akiwa na sifuri.

Aliyemfuta ni mimi. Nasimulia nikijua mtanitukana.

Kazini tulimwita Shangazi. Mtaalamu wa magonjwa ya mihogo, ulimi kama wembe. Mwaka wangu wa kwanza aliichana ripoti yangu mbele za watu. "Mdogo wangu, hii si ripoti. Ni soga."

Nikaweka kinyongo. Nikakifuga kama kuku wa mayai.

Basi Mkurugenzi akaniita. Kitengo chetu kinabakiza mtafiti mmoja tu, mwenye makala nyingi zaidi.

"Hesabu makala za kila mtu, miaka kumi. Kanzidata chagua mwenyewe."

Kanzidata ni ghala la mtandaoni linaloorodhesha makala za watafiti, na maghala hayafanani. Sisi tulikuwa nayo mawili. Moja linaingiza majarida ya Kiswahili. La pili, lile la ghali, linayaruka kama hayapo.

Na Shangazi anawaandikia wakulima. Kwa Kiswahili.

Nikachagua la ghali.

Yeye sifuri. Mimi saba. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kwenye kikao Shangazi aliisoma karatasi polepole.

"Umechagua hili kwa nini?"

"Ndilo lenye hadhi."

"Hadhi kwa nani?"

Nikajifanya napanga karatasi zangu.

"Haya. Hizo saba zako, umezifungua?"

"Jina langu si lipo?"

Akageuza kompyuta, kila mtu akaona. Makala ya kwanza, figo za samaki. Ya pili, figo za samaki. Tano nzima! Mimi ni mtafiti wa udongo, samaki namjua akiwa sahanini. Kumbe ng'ambo kuna mwenye jina kama langu, ghala likatuunganisha, nami kwa uroho nikazibeba zote.

"Mbili," Mkurugenzi akasema, hata hakunitazama.

Hesabu ikarudiwa na mtu mwingine, kwa maghala yote mawili. Shangazi akabaki. Mimi nikafungasha.

Nilimkuta mlangoni. "Nisamehe, Shangazi."

"Sikusamehe. Ulitaka watoto wangu walale njaa kwa sababu nilikukosoa."

Mwaka wa tatu huu, salamu yangu hapokei. Ana haki.

Wewe unayehesabu kazi za watu, uliza kwanza ghala lako linawaacha nje kina nani. Halafu fungua kila makala uisome, hasa zile zinazokupendelea.