Debe la Kutu na Nguo ya Edina

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na ukicheka nanyamaza, siku niliyomharibia dada yangu Edina nguo ya kuolewa. Nakueleza kwa sababu jana nimekuona unamwaga unga wa rangi kwenye ndoo bila kupima. Nimekuuliza, unanijibu, "Najua, bibi." Hilo "najua" limenichosha! Na mimi nililisema.

Ilikuwa Igowole, miaka ya sabini, nguo za shida kweli. Baba alihangaika mpaka akapata kitambaa cha marekani nyeupe, ya Edina kuingia nayo kwa wakwe zake Ipogolo. Kutia rangi alijua dada yake baba, shangazi Tulamwona. Unachemsha maganda ya mti wa muwati mpaka maji yawe kama chai ya rangi. Kitambaa unakifunga mafundo kwa kamba ya katani, unakitumbukiza. Ukifungua, kila fundo limeacha ua jeupe.

Asubuhi ile shangazi alikuwa anakwenda shamba. Akaniambia, "Chemshia kwenye chungu, usiguse debe. Na uanze na kipande kidogo, uone."

"Najua, shangazi."

Nilijua nini? Chungu kizito, kinachelewa kuchemka. Nikachukua debe la nyuma ya jiko, kutu tupu. Maji yalianza mekundu, yakaendelea kuiva, yakawa meusi. Nikasema rangi inakolea hiyo! Nikatumbukiza nguo nzima. Kumbe muwati ukikutana na kutu unatoa weusi ambao hata usugue na sabuni siku nzima, hautoki.

Edina alikaa chini kabisa. "Mdogo wangu, niingie kwa wakwe kama mfiwa?" Harusi Jumamosi, na siku hiyo Jumatano.

Shangazi aliporudi akaliangalia debe, akaniangalia mimi. "Ulijua," akasema, basi. Akaingia ndani, akatoka na marekani yake iliyokunjwa sandukuni miaka mingi, aliyojiwekea ya kuzikiwa. Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze.

"Pokea. Mimi sifi wiki hii. Chungu kiko wapi?"

Safari hii nilianza na kipande cha kiganja. Edina aliingia Ipogolo amependeza, maua meupe mwili mzima. Ile nyeusi shangazi alinivalisha mimi. Jirani yetu mama Zabroni akanishika mkono palepale harusini, akanisalimu: "Kamwene, mwanangu. Pole na msiba."

"Sina msiba, mama."

Shangazi akadakia kutoka nyuma, "Mwache, amefiwa na masikio."

Nilichuma chai kwenye mashamba ya watu misimu miwili mpaka nikamnunulia marekani nyingine. Akaipima kwa mkono wake, akasema, "Fupi kidogo." Alikaa nayo miaka mingi, na ndiyo tuliyomzikia. Ilimtosha.

Sasa sikia, maana sirudii. Unapofundishwa, usijibu "najua". Uliza "kwa nini". Jaribu kwenye kipande kabla hujagusa nguo nzima, hasa kama si yako. Na ukiharibu, lipa kwa mikono yako, usingoje kudaiwa.

Mungu akupe masikio kwanza, mikono baadaye. Rangi zako zishike, na siku ukikosea, asikosekane mtu wa kukufungulia sanduku lake. Haya, nenda kaioshe ndoo yangu.