Nilimfumia mama mkwe soksi za pweza, pweza akatoka kichwa chini

Wakuu, habari za humu. Mkasa huu ni wangu mwenyewe, wa hapa hapa Kampala, na sitaficha kitu hata pale nilipoaibika. Bado nina furaha ya ajabu, mnivumilie.

Mimi ni mlinzi kwenye duka la vitambaa Old Kampala. Mnubi, mtoto wa mwanajeshi. Na ni mwanaume ninayefuma.

Chekeni mmalize.

Mama yangu alikuwa anafuma masweta pale kambini, mimi namshikia uzi, mwisho nikajua.

Mke wangu Saida ni wa Tanga. Mama yake hakuwahi kunikubali. Miaka sita ya ndoa, kwenye simu ananiita "yule mlinzi". Kosa langu ni kumleta binti yake nchi isiyo na bahari.

Majuzi tumepata mtoto wa kwanza, bibi yake akaja kwa ajili ya akika ya mjukuu. Banange! Mvua ikapiga mfululizo, miguu yake ikawa baridi kama chuma. Tukampeleka Ggaba angalau aone ziwa. Akachovya kidole, akaonja, akasema, "Hayana hata chumvi."

Jioni akatangaza anarudi Tanga Ijumaa. Akika yenyewe Jumapili!

Saida alilia, wakuu. Nikaapa moyoni huyu mama haondoki.

Saida alishaniambia kuwa mama yake, alipokuwa msichana, maji ya bahari yakitoka alikuwa anatembea mwambani kuwinda pweza. Kwa miguu hiyo hiyo inayoganda sasa.

Akili ikawaka. Soksi za pweza!

Nikafumua sweta yangu ya bluu, nikatafuta uzi mwekundu sokoni. Sindano zangu ni spoku za baiskeli nilizozinoa mwenyewe. Pweza sijawahi kumwona kwa macho, nikamtoa kwenye picha ya simu, nikamchora kwenye daftari la hesabu, kila chumba mshono mmoja. Miguu nilihesabu mara tatu, minane kamili.

Siku tatu nafuma getini, wateja wanapita wanacheka. Mimi raha tupu. Kila mstari ukiisha nataka kupiga kelele.

Alhamisi nikamaliza, nikamkabidhi kwa mikono miwili. "Shikamoo mama. Ni za miguu yako."

Akazivaa. Jirani aliyekuja kumwona mtoto akainama, akaangua kicheko. "Ssebo, huyu mdudu wako mbona ameanguka?"

Nikatazama. Yallah! Pweza kichwa chini, miguu juu, soksi zote mbili!

Wafumaji mmeshaelewa. Sweta inaanzia chini kupanda, kwa hiyo mchoro unausoma toka chini. Soksi nilianzia juu, lakini mchoro nikausoma vile vile toka chini kama mama yangu alivyonifundisha, miguu ya pweza ikatangulia juu. Saida naye akaanza kucheka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani, amenyoosha miguu, anaiangalia tu. Halafu akamgeukia jirani.

"Mnacheka nini? Mimi namwona kasimama sawasawa. Kwani soksi za nani?"

Wakuu, nilikwenda kukaa nyuma yake nikaangalia kutoka pale alipo. Kweli! Kwa anayevaa, kichwa kiko juu, miguu minane imetanda, anamjia kabisa.

Ijumaa ikapita, hakuna aliyetaja safari. Jumapili kwenye akika alivaa soksi na kandambili, mbele ya wageni wote, kila anayeuliza anamwinulia mguu. "Kanifumia mkwe wangu."

Mkwe wangu! Nilikuwa nachota pilau, mwiko ukanitoka mkononi.

Nilichojifunza ni kwamba zawadi ipendeze kwanza kwa macho ya anayepewa. Wengine watainamisha shingo.

Sasa mama anataka jozi nyingine ya dada yake, safari hii kaa. Wa pwani, kaa ana miguu mingapi, na magando nayo yanahesabiwa? Na wafumaji mniambie: nimgeuze, au nimwache kichwa chini?