Pasi, Betri na Majina ya Mambrui

Nakumbuka siku moja ya Alhamisi mjini Malindi, miaka ya themanini ikielekea mwisho, na kwa mwaka mzima niliisimulia vibaya kwa makusudi. Kila aliyeniuliza nilimwambia stima zilipotea. Hazikupotea, mwanangu. Siku ile umeme ulikuwepo tangu asubuhi hadi magharibi, jambo ambalo kwa Malindi ya wakati ule lilistahili kusomewa maulidi. Aliyeukata ni mimi, kwa sababu nguo yangu ilikuwa na mikunjo.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na digrii moja na maringo ya digrii tatu. Mwalimu Shee, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiongoza jumuiya yetu ndogo ya ustawi, alinipa kazi kwa sababu nilikuwa mtu pekee aliyemjua aliyewahi kugusa kompyuta. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, chenye meza mbili, simu moja na tundu moja la umeme ukutani.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mambrui kulikuwa na watu wazima wengi wasio na karatasi ya kuzaliwa, na bila karatasi hiyo kitambulisho kilikuwa shida. Lakini alikuwepo Bi Rukia, mkunga mzee aliyewapokea karibu wote. Mwalimu alitaka tuandike kila alichokikumbuka, tukipeleke kwa wakubwa kiwe ushahidi.

Bi Rukia hakuwa na daftari. Alifumba macho na kutembea kijijini kwa mawazo. Alianzia nyumba iliyo karibu na msikiti, akaingia, akasema ni nani alizaliwa chumba cha ndani, mwezi gani, mvua ilikuwaje, baba alikuwa wapi. Kisha akatoka, akaenda mlango wa pili. Mimi niliandika kwa mkono huko Mambrui, na nikirudi ofisini nilipiga chapa.

Mwalimu aliniwekea masharti, na nayataja hapa ili ujue kwamba sikukosa mafunzo. Kila siku kabla ya adhuhuri ninakili kazi yote kwenye disketi ya pili. Disketi hiyo niiandike tarehe, na yeye aende nayo kwake, ikalala ndani ya sanduku la mkewe pamoja na leso. Karatasi za mkono zisitupwe hata moja mpaka kazi iishe. Tena alimwita fundi Kazungu, kijana wa Jilore, mpole, mwenye mikono isiyoharakisha, akatufungia kisanduku cha betri. Stima zikipotea, kisanduku kiliishikilia kompyuta kwa robo saa, kikilia kama kifaranga kilichopotelewa na mama, nawe ukapata nafasi ya kuhifadhi kazi na kuzima taratibu.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Kunakili kulikuwa kunachosha, kutoa disketi hii, kutia ile, kusubiri mashine ikwaruze. Basi kwa wiki tatu, tangu siku ya kwanza, niliandika tarehe juu ya disketi ya pili bila kunakili kitu. Mwalimu aliipeleka nyumbani kila siku, kwa heshima zote, ikiwa tupu. Na karatasi za mkono nilimpa jirani yetu aliyekuwa akiuza bajia, azifungie biashara yake. Niliona karatasi ni mambo ya kizamani. Nusu ya wazazi wa Mambrui waliliwa pamoja na pilipili na ukwaju pale sokoni, nami nilinunua mbili tatu.

Alhamisi hiyo alasiri kulikuwa na arusi ya binamu yangu. Nyumbani kwetu tulikuwa na pasi ya makaa, nami nikaogopa jivu litaniharibia nguo ya hariri. Nikaja ofisini na pasi yangu ya umeme niliyonunua Nairobi. Mwalimu alikuwa ameenda kuswali. Tundu lilikuwa moja. Nikachomoa kisanduku cha betri, nikachomeka pasi, nikatandika leso mezani. Kisanduku kikaanza kulia. Kelele zile zikaniudhi, nikabonyeza kitufe cha kukinyamazisha, nikaendelea na mikono ya nguo, halafu marinda, na marinda yalikuwa mengi. Nilipokumbuka nikakimbilia kuhifadhi kazi. Disketi ikaanza kukwaruza, kioo kikawa cheusi.

Nilipochomeka tena, mashine iliwaka vizuri, lakini ilikataa kuisoma disketi ile. Wiki tatu za Bi Rukia zilikuwa zimekwenda. Na mezani, kwa kuchanganyikiwa, nilikuwa nimeiacha pasi kifudifudi. Ilichoma leso ikafika kwenye mbao, ikaacha alama ya kahawia yenye umbo lake kamili, ncha na kila kitu. Nikaifunika kwa kalenda.

Mwalimu alirudi, nikamwambia stima zilipotea na kisanduku hakikushika. Uongo ulitoka laini, kama kitu nilichokuwa nimekihifadhi vizuri. Hakuna aliyeutilia shaka, kwa kuwa hakuna aliyeweza kukumbuka ni saa ngapi stima zilikuwepo. Disketi ya pili ilipokutwa tupu nikasema labda nayo iliharibika wakati huohuo, nilipokuwa nikinakili. Mwalimu akamwita Kazungu.

Alikuja na bisibisi yake, akakijaribu kisanduku, kikashika. Akakijaribu tena. Akasema, "Dada, mbona ni kizima?" Nikamjibu kwamba siku ile hakikuwa kizima. Akainama kufuata waya mpaka ukutani, mkono wake ukaisogeza kalenda. Aliitazama ile alama. Kisha akairudisha kalenda mahali pake, akaisawazisha pembe, akafunga mkoba wake. Mwalimu alimwambia kwa upole kwamba hatutamhitaji tena, na yeye akaitikia, "Sawa, Mwalimu," akaenda zake.

Maneno husafiri hapa pwani. Muda si mrefu watu wakawa wanasema fundi Kazungu ndiye aliyepoteza majina ya Mambrui, na kazi za kufunga umeme mjini zikamkaukia. Nilisikia anatengeneza redio huko Marafa. Tulipokutana sokoni alinisalimu kama zamani, akaulizia wa nyumbani, nami nikawa na haraka kila mara.

Bi Rukia nilimwendea kwa miguu mizito. Nilipomweleza habari ya stima akauliza, "Na zile karatasi ulizokuwa ukiandika?" Hakunigombeza. Alifumba macho akaanza upya kutoka nyumba iliyo karibu na msikiti. Lakini mwaka ule alikuwa ameanza kuchoka. Kwenye milango mingine alisimama, akagusa goti langu. "Hapa palikuwa na mtoto," akasema. "Jina lake nilikupa wewe." Majina kadhaa hayajarudi mpaka leo.

Mwanangu, wewe sasa una mashine iliyo nyembamba kuliko ile disketi. Hata hivyo nakusihi. Weka kazi yako mahali pawili, na mahali pa pili pawe mbali na pa kwanza. Usiiamini nakala kabla hujaifungua ukaiona kwa macho. Karatasi itunze mpaka mwisho. Kinacholia ili kukuonya usikinyamazishe kwa sababu kimekuudhi. Na ukiharibu, sema siku hiyohiyo, kwa kuwa uongo wako utatafuta mtu wa kumkalia, na huwa unamchagua mpole.

Mimi sikusema siku hiyohiyo. Ulipita mwaka. Asubuhi moja simu ya ofisi ililia, Mwalimu akiwa meza ya pili anasoma gazeti. Alikuwa mama mmoja, msimamizi wa zahanati mpya upande wa Kilifi. Walitafuta fundi wa kufunga umeme na betri za friji ya chanjo, na Kazungu alikuwa ameomba. Lakini mama huyo alikuwa amesikia mambo.

"Nimeambiwa aliwaharibia kompyuta," akasema. "Ni kweli?"

Nikamwambia asubiri nimpe Mwalimu.

"Hapana, dada. Kazungu mwenyewe ndiye aliyenipa nambari hii. Alisema nisimuulize Mwalimu, nimuulize binti wa kompyuta. Alisema wewe ulikuwepo, utaniambia."

Nilitazama kalenda. Ilikuwa ya mwaka uliopita. Sikuwahi kuthubutu kuibadilisha. Nikainyanyua, nikaiweka kando, alama ikabaki wazi mbele ya Mwalimu, ambaye alikuwa ameshusha gazeti.

"Si kweli," nikasema. "Kazi yake ilikuwa nzima. Mimi nilichomoa betri nipige pasi nguo ya arusi, na nikamsingizia. Mpe kazi, mama. Hutapata fundi mwaminifu kuliko yeye."

Upande wa pili nikasikia kalamu ikiandika. "Basi ataanza Jumatatu," akasema yule mama, akakata simu.

Mungu akuhifadhie kazi ya mikono yako, mwanangu, na siku utakayoipoteza kwa kosa lako, akupe mtu kama Kazungu, na simu isikuchelewee mwaka mzima.