Mpera wa Njiani

Mbok Wagirah alipanga kiwanja chake kama apangavyo jiko lake: mihogo nyuma, minazi mbali na paa, bwawa la samaki karibu na pa kuoshea vyombo ili makombo yasipotee. Mpera mmoja tu hakuupanga yeye. Mbegu yake iliangushwa na popo, ikaota katikati ya njia itokayo mlangoni.

"Mama, tuukate," mwanawe Wartono alilalama kila alipopitisha pikipiki.

"Kati yako na popo, nani ameniletea mapera? Zunguka. Mzigo gani huo unaokushinda?"

Akazunguka akinung'unika, miaka nenda miaka rudi, hadi njia yenyewe ikapinda kama kiwiko kando ya bwawa. Popo walipoanza kula ndipo mama alipojua mapera yameiva, akawachumia wageni yaliyobaki.

Siku mama alipozikwa, wabebaji walikwama na jeneza kati ya mpera na bwawa. Jirani yao, Pak Sastro, akaja na shoka.

"Dakika moja tu, Warto."

Wartono aliingiza bega chini ya jeneza.

"Rudisha shoka lako, Pak. Tutazunguka. Mzigo huu hautushindi."