Seli za kobe zilivyoniumbua Juba, mtungi wa Mama Keji ukaniokoa

Wakuu, salamu kutoka Thongpiny, hapa Juba. Chumvi siongezi, haya yamenikuta mwenyewe.

Mimi ni Mkenya, lab tech. Tunakuza virusi vya wanyama watambaao kwenye chupa za seli hai, maana kirusi bila seli ya kuingia hakikui.

Mama Keji, anayetusafishia lab, anafuga kobe saba kwake Gurei. Wanne walikufa, midomo imejaa vidonda. Wawili wakaanza dalili zilezile.

Nikawachukua sampuli na kumwambia kwa mbwembwe, "Mama, jibu utapata."

Freezer ilikuwa na vichupa viwili tu vya seli za kobe. Nikaamsha cha kwanza, incubator nikaweka nyuzi 37, mazoea ya seli za binadamu.

Kobe na binadamu wapi na wapi? Mjinga mimi! Siku ya tatu seli zote zimekufa. Niliona aibu hadi chakula kikanishinda.

Zinataka 28. Sasa incubator yetu inajua kupasha tu, AC imekufa, chumba kinagonga 36. Na kimebaki kichupa kimoja.

Nikamweleza Mama Keji ukweli. Akaegemea mop yake.

"Wewe iko nasoma sana. Maji baridi ya kunywa natoa wapi? Si kwa zir?"

Zir ni ule mtungi mkubwa wa udongo unaopooza maji, kila nyumba hapa inao. Wallahi nilicheka peke yangu.

Akaleta zir kavu. Tukaizungushia gunia lililoloa, ndani boksi safi la chupa zilizofungwa kabisa, na kipimajoto. 28! Kila akipita anamwagia gunia maji.

Seli za kile kichupa cha mwisho zikashika. Nikaweka sampuli kwenye chupa moja, nyingine nikaiacha bila kitu.

Wiki ya pili, zenye sampuli zikavimba na kuungana. Zile nyingine safi kabisa, kwa hiyo si joto lililoziharibu. Kirusi kipo!

Nikamwita achungulie microscope. Akainama, akachungulia.

"Hii ndio imekula kobe yangu?"

"Ndiyo, mama."

Jioni ileile akamtenga yule kobe mmoja mzima. Hadi leo hajaugua, na mgonjwa mmoja ameanza kula mchicha. Yule mwingine tulimpoteza, iliniuma sana.

Funzo: usijifanye unajua joto kuliko waliozaliwa ndani yake.

Wenye lab za huku kwetu, nyinyi mnapoozaje? Mnaotaka kunicheka kwa ile 37, karibuni, Mama Keji ameshawatangulia.