Popo na Kiti cha Kutazama Mlango

Mtaani kwao walimwita Popo, wala hakununa. Mtu anayelala jua likiwaka na kuamka wenzake wakitandika vitanda, utamwita nani? Alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la saruji tangu kitinda mimba wao hajazaliwa. Mkewe, mpishi wa shule, alitoka alfajiri kwenda kuwasha jiko. Walipishana mlangoni miaka nenda rudi, mmoja anatoka kitandani, mwingine anaingia.

Mwaka huu miguu ya Popo ikaanza kuvimba. Tajiri akamwambia, ukitaka kupumzika pumzika, ukitaka kuendelea endelea, nijulishe tu. Mkewe alimsihi kwa upole, akamtaja katika kila sala. Jibu la Popo likawa moja: "Tukienda kwa binti nitakuambia."

Binti yao mkubwa, muuguzi huko ugenini, ndiye aliyewaalika. Mama wa watu akasafiri na swali lake kifuani, likakaa humo mpaka jioni ya mwisho. Siku hiyo binti aliwaacha kwenye mtaa wa mikahawa, karibu na nyumbani kwake, akaenda zamu.

"Leo mle, mtembee, mkae kama maharusi," alisema.

Mgahawa wa kwanza walipewa meza ya dirishani. Popo akakaa, akageuka, akageuka tena. Mlango ulikuwa mgongoni mwake.

"Mama, tubadilishane."

Wakabadilishana. Kabla samaki hajafika, Popo alikuwa ameinuka mara chungu nzima kuwafungulia watu. Bibi mmoja akamtwika koti lake, akapita zake ndani.

"Rudisha koti la watu, ukae!" mkewe akanong'ona, kicheko kimembana.

"Huyu si mwizi," Popo alisema, akilipapasa lile koti. "Lakini kule jikoni kuna mlango mwingine. Mimi siwezi kula katikati ya milango miwili."

Wakamaliza samaki mbiombio, wakatoka. Wakaingia baa. Mama hakuzoea baa, akamtaja Mungu kimoyomoyo kizingitini na kuagiza soda. Viti vilitazama chupa, mlango ukabaki nyuma, na Popo akainua soda yake akiwa amepinda shingo kama kuku. Wakahama. Baa iliyofuata ilikuwa na nguzo iliyoziba mlango. Wakahama tena. Viatu vipya Mama alivyonunuliwa na binti vilimng'ata visigino, na swali lake bado halijapata pa kutua.

Pa mwisho palikuwa padogo, pametulia, na mlango mmoja tu. Mama akawahi kiti cha kuutazama.

"Hicho changu," Popo akasema.

"Leo zamu yangu."

"Utaweza?"

"Nazuia watoto wa shule nzima wenye njaa wasivamie jiko, mlango mmoja ndio unishinde? Kaa, mume wangu."

Popo akakaa, mabega yamepanda kama mtu mwenye baridi. Yakashuka polepole. Soda haijaisha povu, kichwa kilikuwa juu ya mikono na anakoroma.

Mama akautazama mlango. Kila ulipofunguka moyo ulimruka. Mgongo ukawaka moto, kope zikawa nzito, akajifinya asisinzie. Kumbe ndivyo ilivyo! Ee Mola, usiku wote ule, mimi nikiwa nimejifunika shuka.

Mhudumu akaja, akamwonyesha Popo kwa kidole, akaigiza mtu anayeinamisha chupa mdomoni.

"Kalewa usingizi, mwanangu, mwache," Mama akajibu, ingawa alijua kijana hajui lugha yake. Akalaza shavu kwenye kiganja, kijana akaelewa, akaondoka kwa kunyata.

Popo alipozinduka, neno la kwanza lilikuwa, "Nani kapita?"

"Vijana wawili, na mama mwenye mbwa. Mbwa hakupapenda, wakatoka."

"Na wewe hukusinzia?"

"Sikusinzia."

Popo alitaka kugeuka autazame mlango, akaghairi. Akamtazama mkewe macho yalivyomwiva.

"Inachosha, eh?"

"Inachosha, baba. Inachosha sana."

Popo akalisugua goti lake.

"Tukirudi namkabidhi tajiri tochi yake."

Mama alikuwa amejiandalia kigelegele kwa siku hiyo. Hakikutoka, nguvu zilishamwisha. "Mungu ashukuriwe," alisema kwa sauti ndogo, akainama kuvua viatu chini ya meza.

"Twende sasa, tukalale," Popo akasema.

"Ngoja kwanza. Miguu haijakubali."